Padre João dos Santos, Mtawa wa Kirimba



Mwezi huu twawaletea habari za mtu ambaye wengi wenu hamjapata kulisikia jina lake, ingawa alikaa karibu nasi. Mtu akitweka tanga Mikindani, akapita mbele ya kinywa cha Ruvuma, akaizunguka Rasi Delgado na kuvifuata visiwa kwenda kusini, atafika kisiwa cha Kirimba baada ya mwendo wa kilomita 250 hivi. Wareno hukiandika Querimba. Huko ndiko alikokaa, zaidi ya miaka 400 iliyopita, Padre João dos Santos, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Dominiko.

Huenda mtu akauliza, Walutheri wana nini na mtawa wa Kanisa la Rumi? Twajibu kwamba alikuwa mtu wa bidii, nasi twapaswa kumheshimu mtenda kazi hata kama hatukubali mafundisho yake yote. Tena kazi yake na ya wenzake yatuachia swali ambalo kila mwalimu wa dini imempasa kulijibu. Wareno walikuwa na nguvu katika pwani hii kwa miaka 200. Walijenga makanisa, walileta mapadre, wakabatiza watu. Mbona basi wamisionari wa karne ya 19 walipofika upande huu wa Ruvuma hawakukuta hata usharika mmoja? Na tulitafute jibu kwa utaratibu, tukianza na mtu mwenyewe.

1. Malezi yake na safari yake

João dos Santos alizaliwa Évora, mji wa Ureno. Akaingia katika shirika la Wadominiko, ambalo jina lake la haki ni Shirika la Wahubiri. Papa alilithibitisha mwaka 1216. Watawa hawa hawakufungwa maisha yao yote ndani ya nyumba moja, bali walitumwa mijini na katika nchi za mbali kuhubiri na kufundisha.

Siku zile Kanisa la Rumi lilikuwa limekwisha kutikiswa na matengenezo. Martin Luther, naye mtawa, wa shirika la Waagostino, alikuwa ametoa hoja zake 95 huko Wittenberg mwaka 1517. Kanisa la Rumi likafanya mtaguso wake mkuu Trento, tangu mwaka 1545 hata 1563, likakaza nidhamu ya mapadre na kuamsha kazi ya misheni. Dos Santos alikuwa mtoto wa kizazi kile kilichofuata Trento.

Mwezi wa Aprili mwaka 1586 alisafiri kutoka Lisbon, na mwezi wa Agosti akafika kisiwa cha Msumbiji. Mara akatumwa Sofala, bandari ya kale ya dhahabu, pamoja na mtawa mwenzake João Madeira.

2. Kazi ya Sofala na Tete

Sofala walikaa karibu miaka minne. Walijenga makanisa madogo matatu, na hesabu ya watu waliobatizwa nao huko yatajwa kuwa 1,694. Katika mahali penye homa, pasipo mganga wala chakula cha kwao, hiyo ilikuwa kazi ya taabu kubwa.

Dos Santos alikuwa mtu wa macho mepesi na sikio jepesi. Kila alichokiona alikiuliza na kukiandika: miti, samaki, wanyama, desturi za ndoa na za mazishi, vita vya wafalme. Aliandika habari za ndege mdogo aliyeingia kanisani Sofala kudonoa nta ya mishumaa. Wenyeji wakamweleza kwamba ndege yule huwaita watu porini na kuwaongoza mpaka penye mzinga wa nyuki. Watu hula asali, naye huachiwa nta. Wawinda asali wa bara yetu, na Wayao wa ng'ambo ya Ruvuma, wamjua sana ndege huyo. Lakini katika vitabu vya Ulaya, habari za kwanza za kazi yake ziliandikwa na mtawa huyu, na wataalamu wa ndege hulitaja jina lake hata leo.

Mwaka 1590 waliitwa waiache Sofala. Dos Santos akaenda kwa njia ya mto Zambezi mpaka Tete, mahali palipokosa padre, akahudumu huko hata mwaka 1591. Kisha akarudi kisiwa cha Msumbiji, na wakubwa wake wakampa kazi mpya: kuwa mchungaji wa Kirimba.

3. Kirimba, jirani zetu wa kusini

Visiwa vya Kirimba vimepangana kama shanga kutoka karibu na Rasi Delgado kwenda kusini. Tangu zamani wenyeji wake walikuwa Waswahili, wavuvi, wafanya biashara na wafumaji wa nguo, watu wa dini ya Kiislamu. Wareno waliviteka mapema katika karne ya 16, na wakati wa Dos Santos mabwana wa Kireno walikuwa wamejigawia visiwa, wakikaa kila mmoja na watumwa wake na wenyeji waliomlipa kodi.

Ni lazima tuyatazame mambo haya vema. Padre alikuwa mchungaji wa kisiwa, lakini kisiwa kilikuwa cha bwana. Wengi waliokuja kubatizwa walikuwa watu wa nyumba za mabwana hao, na mtumwa aambiwapo na bwana wake, Nenda ukabatizwe, ni nani ajuaye kama ameamini au ametii tu? Hatusemi kwamba hawakuamini. Mungu ndiye ajuaye mioyo, naye aweza kumwita mtu hata kwa mlango mbaya. Twasema tu kwamba ubatizo ulisimama chini ya kivuli cha ngome na cha mabwana, na kivuli kile kiliwazuia watu wasilione Neno katika mwanga wake.

Dos Santos alikaa Kirimba mpaka mwaka 1594.

4. Bula ya Msalaba

Baada ya hayo alipewa kazi nyingine, nayo Mlutheri hawezi kuipita bila kusimama. Alirudishwa Sofala kwa muda wa mwaka mmoja kuwa msimamizi wa Bula ya Msalaba. Bula hiyo ni hati ya Papa iliyowapa watu rehema na ruhusa mbalimbali, nao wakatoa sadaka ya fedha kwa ajili ya vita vya mfalme na Waislamu.

Mwakumbuka jinsi matengenezo yalivyoanza Ujerumani. Johann Tetzel, naye Mdominiko, alizunguka akitoa hati za rehema kwa fedha, na Luther akauliza: Je, msamaha wa Mungu hununuliwa? Mwaka 1567 Papa Pius wa Tano alifuta rehema zile zilizofungamana na malipo ya fedha, na hilo tulikiri kwa haki. Lakini Bula ya Msalaba iliendelea kwa ruhusa maalumu. Hivyo swali la Wittenberg lilifika hata pwani ya Afrika ya Mashariki, miaka 77 baada ya hoja zile 95; lakini hapa hapakuwa na mtu wa kuliuliza. Mkristo wa Sofala hakuwa na Waraka kwa Warumi mkononi mwake, kwa lugha yake, apate kusoma kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, bure, kwa neema.

Hatumtuhumu Dos Santos kwamba alijitajirisha. Alitumwa, akaenda. Mtu mwema katika utaratibu mbaya ni jambo la kutuhuzunisha kuliko mtu mbaya, kwa maana wema wake huufanya utaratibu ule uonekane kuwa mwema.

5. Kitabu chake

Mwaka 1597 alikwenda India, na baadaye akarudi Ureno. Mwaka 1609 kitabu chake kikapigwa chapa huko Évora, katika nyumba ya watawa wa shirika lake. Kinaitwa Ethiopia Oriental, yaani Ethiopia ya Mashariki, kwa kuwa siku zile watu wa Ulaya waliita sehemu kubwa ya Afrika kwa jina hilo. Kisha akarudi tena mashariki, akafa Goa mwaka 1622.

Kitabu hicho ni hazina. Mtu atakaye kujua habari za Wamakua wa karne ya 16, pamoja na mfalme wao Mauruça aliyewashinda Wareno vitani, hana budi kukifungua. Humo pia mna habari za Wazimba, jeshi lililotoka pande za Zambezi, likaifuata pwani kwenda kaskazini na kuharibu kila mahali. Walifika Kilwa, kisha Mombasa mwaka 1589, na mwisho Malindi, ambako walivunjwa kwa msaada wa Wasegeju. Jeshi litokalo Zambezi kwa miguu haliwezi kufika Kilwa bila kuuvuka Ruvuma. Basi babu zetu wa nchi hii nao walizisikia ngoma zao.

Juu ya Kilwa, Dos Santos asimulia kwamba mtu mmoja wa mji ule aliwaendea Wazimba kwa siri, akaahidi kuwaonyesha mahali pa kuvukia maji yanapokupwa, kwa sharti kwamba yeye na jamaa zake waokoke. Akawavusha usiku. Asema watu kama 3,000 waliuawa. Mji ulipokwisha kuangamia, mkuu wa Wazimba akaamuru msaliti yule na jamaa zake wafungwe na kutupwa baharini, kwa kuwa aliyewauza ndugu zake hakosi kuwauza wageni.

Wataalamu wa siku hizi huzichunguza habari hizi kwa uangalifu. Dos Santos mwenyewe hakuwapo Kilwa, aliyapokea mambo hayo kwa masimulizi, na hofu huongeza hesabu. Hata hivyo, wachache waliandika habari za pwani hii kwa wingi kama yeye.

Lakini angalieni, wasomaji wapenzi. Kitabu hiki kikubwa chahusu watu wetu, nacho kiliandikwa kwa Kireno, kikapigwa chapa Ureno, kisomwe na Wareno. Babu yetu wa Kirimba aliyemweleza padre majina ya samaki na ya miti hakupata kitabu chochote cha kujibu fadhili yake. Maneno yake yalikwenda Ulaya. Neno la Mungu halikuja kwake kwa kitabu cha lugha yake.

6. Kundi likawaje?

Kazi ya shirika la Dos Santos iliendelea upande wa Msumbiji, ijapokuwa kwa udhaifu. Kwa upande wa kaskazini tuitazame Mombasa, mahali palipokuwa na ngome kuu. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na mwaka 1597 wakaja watawa Waagostino, watu wa shirika lile lile alimolelewa Luther.

Hao walimlea mtoto wa mfalme. Jina lake Yusuf bin Hasan. Baba yake aliuawa kwa hila ya Wareno, naye mwanawe akapelekwa Goa, akafundishwa na Waagostino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, akaoa mke Mkristo, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Mwezi wa Agosti mwaka 1631 alimwua mkuu wa ngome, akauacha Ukristo, akawapa Wakristo wa mji kuchagua Uislamu au kifo. Watawa waliuawa, na Wareno wengi. Tena waliuawa Waafrika wasiokubali kumkana Kristo. Mwaka uliofuata ushahidi wa vifo hivyo ulikusanywa Goa.

Tusome habari hii kwa akili tulivu. Si habari ya kutuchochea juu ya jirani zetu Waislamu, ambao tumekaa nao pwani hii kwa amani, tukizikana na kuarusiana. Mzizi wake ni dhuluma: mwana aliyelelewa na watu waliomwua baba yake, akarudishwa kutawala huku akidharauliwa nao. Wala tusiseme kwamba imani ya Wakristo wa kwanza wa pwani ilikuwa ya bure. Waafrika wale waliokufa Mombasa walikuwa na imani iliyoshinda mauti. Kwa hiyo, tunapotafuta kwa nini kazi ile ilikufa, tusiwatupie lawama wanafunzi. Na tuitazame kazi ya walimu.

Mwaka 1698, baada ya kuzingirwa tangu mwaka 1696, Ngome ya Yesu iliangukia mikononi mwa Waarabu wa Omani. Wareno walirudi kwa muda mfupi, mwaka 1728 hata 1729, kisha wakaondoka kabisa. Walipoondoka, Kanisa liliondoka. Huko Unguja, mahali pa kanisa lao Waomani walijenga ngome. Mwaka 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa, alianza upya kabisa.

7. Sababu yake

Wengine husema kwamba sababu ni upanga wa Waomani tu. Upanga ulikuwapo. Lakini Kanisa la kwanza lilipigwa na Kaisari kwa karibu miaka 300 wala halikuisha. Wengine husema kwamba haikuwezekana siku zile kuwapa wenyeji vitabu. Hilo nalo tulipime kwa mambo yaliyotukia.

Mitambo ya kupiga chapa ilifika Goa mwaka 1556, miaka 30 kabla ya Dos Santos kuja Afrika. Mwaka 1578, huko Kollam katika India ya kusini, Mjesuiti Henrique Henriques alipiga chapa kitabu cha mafundisho ya dini kwa lugha ya Kitamil na kwa herufi za Kitamil. Mwaka 1624 katekisimo ya Kikongo ilipigwa chapa Lisbon, Kireno na Kikongo pamoja. Kikongo ni ndugu ya Kiswahili, na ya Kimakonde, na ya Kimakua. Basi mfalme yule yule na Kanisa lile lile waliweza, walipotaka.

Na Kiswahili je? Hakikuwa lugha isiyo na maandishi. Watu wa pwani walikuwa wakikiandika kwa herufi za Kiarabu. Ziko barua za Kiswahili za mwaka 1711 zilizotoka Kilwa, nazo zimehifadhiwa Goa, katika nyaraka za Wareno wenyewe! Waliandikiwa kwa Kiswahili. Lakini Injili ya Kiswahili iliyopigwa chapa haikuonekana mpaka karne ya 19.

Tena walikosa wachungaji wa kwao. Alikuwako mwana wa mfalme wa Monomotapa aliyebatizwa Miguel, akawa Mdominiko, na mwaka 1670 akapewa daraja ya Bwana wa elimu ya Mungu. Uwezo wa akili haukupungua. Lakini alifanya kazi yake Goa, ng'ambo ya bahari, wala si katikati ya watu wa mama yake.

Basi jibu letu ni hili. Neno likiachwa katika kinywa cha mgeni, mgeni akiondoka huondoka nalo. Dos Santos na wenzake walibatiza kwa bidii, walijenga kwa bidii, walikufa kwa ushujaa. Lakini hawakuwaachia watu wa pwani hii kitabu kwa lugha yao, wala mchungaji wa damu yao.

8. Na sisi Walutheri?

Hapa mtu asijisifu. Ni kweli kwamba Luther alilitoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522 na Biblia nzima mwaka 1534. Ni kweli pia kwamba alipokagua sharika za Saksonia, mwaka 1528, alikuta watu waliobatizwa wasiojua Amri Kumi wala Imani wala Sala ya Bwana, na wachungaji wasioweza kufundisha. Kwa huzuni ile akaandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, ili baba na mama wawafundishe watu wa nyumba yao. Basi kulikuwa na Kirimba hata Saksonia!

Wala wamisionari Walutheri hawakuja katika nchi hii bila kivuli cha ngome. Walikuja zamani za Wajerumani, na boma la Wajerumani lililojengwa Mikindani mwaka 1895 lasimama mpaka leo likitazama bandari. Wenyeji wengi hawakuweza kupambanua Mjerumani wa bunduki na Mjerumani wa Biblia.

Lakini tofauti moja ilikuwako, nayo ni neema. Krapf, mtu wa Württemberg aliyelelewa katika Kanisa la Kilutheri, alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili mwaka ule ule wa 1844 alipofika Mombasa, na siku zile alikuwa katika kilio, maana alimzika mkewe na mtoto wake mchanga huko huko. Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya Unguja, aliyefungua njia ya Masasi mwaka 1876, aliwapa watu wa pwani Agano Jipya kwa Kiswahili safi, na Biblia nzima ikafuata mwaka 1891. Wengine wakatafsiri kwa lugha za bara.

Kisha jaribu likaja. Baada ya vita kuu ya kwanza wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini, na mwaka 1940, katika vita ya pili, waliokuwa wamerudi wakatiwa kizuizini. Walimu wageni wakaondoka tena, kama Wareno. Je, Kanisa liliondoka? La! Wazee na walimu wa kwetu walifungua Kitabu, wakasoma, wakafundisha, wakazika na kufariji, na Walutheri wa nchi nyingine wakawasaidia. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yakaungana kuwa Kanisa moja katika nchi hii. Ngome haikuwaokoa. Walikuwa na Neno kwa lugha waliyoijua, na watu wao wa kulisema.

9. Mafundisho kwa walimu

Mwalimu mpenzi, usidhani kwamba jambo hili limekwisha kwa kuwa leo Biblia ya Kiswahili yauzwa dukani. Yawezekana kuwa na Kitabu sandukuni na Neno likabaki katika kinywa cha mgeni. Mgeni siku hizi si Mreno. Aweza kuwa wewe.

Kwanza, hesabu ya waliobatizwa ni hesabu njema, lakini si hesabu ya mwisho. Dos Santos alikuwa na 1,694. Ukiandika katika daftari ya usharika majina ya waliobatizwa mwaka huu, jiulize kando ya kila jina: Huyu aweza kumweleza jirani yake, kwa maneno yake mwenyewe, Kristo amemtendea nini? Kama hawezi, kazi yako kwake imeanza tu.

Pili, angalia lugha. Katika sharika zetu za huku kusini wako bibi ambao Kiswahili chao ni cha sokoni, lakini huomba, hulia na kufariji kwa Kimakonde, kwa Kimakua au kwa Kiyao. Baada ya somo, mwambie mmoja aliyesikia vema aueleze ujumbe kwa lugha ya nyumbani. Usione haya kwamba ibada itarefuka. Siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuona haya.

Tatu, usishike kazi peke yako. Mwalimu asomaye peke yake, aombaye peke yake, atunzaye ufunguo wa kanisa peke yake, siku akihamishwa au akifa, huacha nyumba tupu. Paulo alimwagiza Timotheo ayakabidhi mafundisho kwa watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine. Hiyo ndiyo njia ya Neno kukaa.

Nne, iga jema la mtawa huyu. Alitazama, akauliza, akaandika. Sharika ngapi zetu hazina hata ukurasa mmoja wa habari za wazee walioianza kazi? Waulizeni wazee wangali hai. Yaandikeni, lakini msiyaandike kwa ajili ya watu wa mbali. Yaandikeni wapate kuyasoma wajukuu wao.

Tano, ipende nchi kama alivyoipenda yeye, bila kutegemea kivuli cha mkubwa. Mtu akija kanisani kwa sababu ya msaada, au kazi, au hofu ya bwana wake, umpokee. Lakini usipumzike mpaka amemjua Bwana aliyekufa bure kwa ajili yake.

Tumwombe Mungu atujalie kupanda mbegu itakayoota hata baada ya mpandaji kuondoka.

Masomo ya kusoma nyumbani: Nehemia 8:1-8, Matendo ya Mitume 2:1-11, Matendo 8:26-40, 1 Wakorintho 3:10-15, 2 Timotheo 2:1-2.

Maswali ya kuzungumza katika darasa la walimu

1. Dos Santos alifanya kazi gani Sofala, Tete na Kirimba? Ni jambo gani katika maisha yake lifaalo kuigwa?

2. Bula ya Msalaba ilikuwa nini? Katika siku zetu watu hujaribu kuinunua baraka ya Mungu kwa njia zipi?

3. Kitabu cha Kitamil cha mwaka 1578 na cha Kikongo cha mwaka 1624 vyatufundisha nini juu ya pwani yetu?

4. Kwa nini hatuwezi kuwalaumu Wakristo Waafrika wa Mombasa kwa kuisha kwa kazi ile?

5. Ezra na wenzake, baada ya kusoma, waliwafanyia watu nini ili waelewe? Katika usharika wako jambo hilo lafanywa kwa lugha gani?

6. Mwalimu wa mtaa wako akihamishwa kesho, ni nani atakayesimama Jumapili ijayo? Mtajeni kwa jina. Kama hayuko, amueni leo ni nani mtakayeanza kumfundisha.